Maneno Tuyatumiayo

Msomaji kijana, kabla hujafika chini ya ukurasa huu nataka ujiulize swali moja: neno ni mali ya nani? Je, ni mali ya wazee waliolitumia kabla yetu, au ni mali yetu sisi tunaolitumia leo? Na kama ni mali yetu, je, twaweza kulitumia tupendavyo, kama mtu atumiavyo jembe lake mwenyewe, au yatupasa kulitunza, kama mtu aliyeazima jembe la jirani? Swali hili laonekana kuwa dogo, tena la kupotezea wakati. Mimi nami nilidhani hivyo zamani. Lakini kazi yangu ya kufundisha imenirudisha kwake mara nyingi, na mara moja ilinirudisha kwa aibu, kama nitakavyokueleza.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili huku Busia, upande wa Kenya. Mji huu una pacha wake wa jina hilo hilo upande wa Uganda, na kaskazini yake iko Malaba, ambayo nayo ina pacha wake ng'ambo. Mwaka 1902 serikali ya Kiingereza ililitoa Jimbo la Mashariki la Uganda ikalitia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya, na watu wengi wakajikuta wamehamia nchi nyingine bila kuondoka majumbani mwao. Mpaka leo Wateso na Wasamia wana ndugu pande zote mbili. Mahali kama hapa mtu hawezi kuishi na lugha moja tu. Sokoni utasikia Kiteso, Kiluhya, Kiganda, Kiingereza na Kiswahili kabla hujamaliza kununua nyanya. Maneno huvuka mpaka kila siku, wala hayaulizwi hati ya kusafiria.

Neno moja lililozaliwa hapa limesafiri kuliko sisi sote. Wazee wetu husimulia kwamba katika miaka ya 1960 na iliyofuata, msafiri aliyeshuka garini upande huu alikuwa na mwendo wa kutembea na mizigo yake kutoka kituo cha forodha cha nchi moja hadi kituo cha nchi ya pili. Vijana wenye baiskeli wakaiona nafasi ya riziki. Wakafunga mto juu ya keria, wakasimama njiani, wakawa wanawaita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka, walilolitamka kwa ulimi wao: "Boda! Boda!" Maana yake, nitakutoa mpaka huu nikufikishe mpaka ule. Mwito ukawa jina la kazi, jina la kazi likawa jina la chombo, na jina la chombo likawa jina la mtu akiendeshaye. Mwaka 2008 serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, pikipiki zikaongezeka kwa wingi, na baiskeli zikaanza kukaa pembeni. Lakini jina halikufa pamoja na baiskeli. Lilipanda pikipiki likaendelea na safari. Leo mtu wa Mombasa, wa Mwanza au wa Kampala, ambaye hajauona mpaka wowote maishani mwake, atakwambia kwamba amekuja kwa bodaboda.

Nina jirani yangu mmoja, mzee wa miaka mingi, aliyebeba watu kwa baiskeli katika ujana wake. Jambo hili humkera sana. Siku moja tulikuwa tumeketi barazani kwake, na pikipiki ikapita mbio na kutuachia vumbi. Mzee akatikisa kichwa akasema, "Mwalimu, hao nao wanajiita boda. Boda gani waliyoivuka? Wanatoka sokoni wanaishia kanisani."

Nikamwuliza, "Mzee, na hicho kilicho mfukoni mwako chaitwaje?"

Akakitoa akakitazama. "Hii ni simu."

"Waya wake uko wapi?"

Sikuuliza kwa mzaha. Neno simu asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya. Watu wa pwani walipoona habari zikipelekwa kwa waya kutoka mji hadi mji, waliita simu hata ule ujumbe wenyewe. Kisha ikaja sauti badala ya maandishi, nayo ikaitwa simu. Mwishowe waya ukaondoka kabisa, jina likabaki, na hapana mtu aliyesimama kupinga. Nilipomweleza mzee haya alicheka sana, akakirudisha chombo chake mfukoni. Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Umenishinda, Mwalimu. Lakini waambie hao watoto kwamba jina hilo tulilitolea jasho."

Nimelifikiri sana neno hilo la mzee, nami naona kwamba sote wawili tulikuwa na haki. Yeye hakuwa na haki ya kulizuia neno lisibadilike, kwa sababu maneno yote hubadilika. Hata neno ustaarabu, ambalo sasa twalitumia kwa maana ya adabu na maendeleo ya watu, asili yake ya Kiarabu ni kuwa kama Mwarabu, na leo twalitumia kwa Mchina, kwa Mteso na kwa Mswidi bila kufikiri juu ya Arabuni. Lugha ambayo maneno yake hayabadiliki ni lugha ambayo wasemaji wake wamekwisha kufa. Lakini mzee alikuwa na haki ya kudai kumbukumbu. Anayelitumia neno bila kujua lilikotoka hafanyi dhambi, ila anakula tunda asilomjua mpanzi wake. Ni vema kumjua, hata kama hatuwezi kumlipa.

Basi kama kubadilika kwa maana si kosa, kosa liko wapi? Maana naamini kwamba lipo. Nimeliona la namna mbili, na la kwanza nililitenda mimi mwenyewe.

Nilipokuwa chuoni nikijifunza ualimu, mkufunzi wetu mmoja alipenda kutuambia kwamba insha isiyo na misemo ni mchuzi usio na chumvi. Nikalipokea neno hilo bila kulichungua, nikaja nalo darasani. Nikawapa wanafunzi orodha za misemo ya kukariri: namna ya kuanza, namna ya kusifu, namna ya kuogopa, namna ya kulia. Wakakariri vizuri. Nilipowapa insha wakaandika wote kwamba waliamka alfajiri na mapema majogoo yalipokuwa yakiwika, hata wale wakaao karibu na kituo cha malori Malaba, ambako honi husikika usiku kucha na jogoo hasikiki. Wote mioyo yao ilidunda kama ngoma. Wote machozi yaliwatiririka njia mbilimbili. Nami nikatia alama nyekundu pembeni, nikaandika: vizuri.

Siku moja niliwauliza maana ya kibaba, kwa kuwa wote walikuwa wameandika kwamba haba na haba hujaza kibaba. Kimya kikaingia. Kisha mmoja akainua mkono akasema kwamba kibaba ni baba mdogo wa kimo. Darasa zima likacheka, lakini katika wale waliocheka hapana aliyekuwa na jibu lililo bora zaidi. Nikawaeleza kwamba kibaba ni kipimo cha nafaka cha watu wa kale, na kwamba vibaba vinne hufanya pishi moja. Nikawaonyesha gorogoro, kile kibati tunachopimia mahindi sokoni kwetu, nikawaambia: mwazeni mama asiye na fedha za kununua gorogoro zima, anunuaye kidogo leo na kidogo kesho, akimimina ndani ya chombo kimoja. Niliona nyuso zao zikibadilika. Methali waliyokuwa wakiiandika tangu shule ya msingi walikuwa wameisikia leo kwa mara ya kwanza.

Hapo nilipaswa kujifunza, lakini sikujifunza bado. Funzo langu lilikuja muhula uliofuata. Niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili insha yenye kichwa "Siku Nisiyoweza Kuisahau." Kijana mmoja mpole, akaaye upande wa Malaba, aliandika juu ya kifo cha kaka yake aliyekuwa mwendesha bodaboda, aliyegongwa na lori barabarani. Insha ilikuwa imejaa kila kitu nilichofundisha. Ajali haina kinga. Kifo hakina huruma. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Moyo ulidunda, machozi yakatiririka njia mbilimbili, mama akaangua kilio cha kwikwi, na marehemu akatangulia mbele za haki. Nikampa alama 17 kwa 20, nikaandika chini yake: "Hongera, misemo yako ni mitamu."

Baada ya wiki mbili mwalimu mwenzangu aliniuliza kama najua kwamba kijana yule alifiwa na kaka yake wakati wa likizo. Msomaji, sikumjibu. Nilikwenda nikaifungua tena insha ile, nikayasoma maandishi yangu mekundu chini ya msiba wa mtu. Mitamu! Nilikuwa nimesoma habari ya kifo cha kweli nisiijue kuwa ni ya kweli, kwa kuwa ilikuwa imevaa nguo zile zile zilizovaliwa na vifo vyote vya uongo ambavyo darasa lilikuwa limeandika.

Nikamwita tukaketi chini ya mwembe, nikamwomba radhi. Kisha nikamwambia, "Niambie habari za kaka yako, kama wapenda."

Akakaa kimya kitambo. Akasema, "Alikuwa akifika jioni alipiga honi mara mbili hapo langoni, na mdogo wetu alikimbia kumfungulia. Sasa pikipiki yoyote ikipiga honi barabarani, mdogo wetu bado hukimbia. Mama amemwambia asiende, lakini huenda. Mama naye siku hizi hamkatazi tena."

Nikamwuliza, "Mbona hukuandika hayo?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mwalimu, hayo si Kiswahili cha insha."

Jibu lile liliniumiza kuliko lawama yoyote ambayo angeweza kunitolea. Mtoto alikuwa na maneno yake, ya kweli na ya kutosha, nami nilimfundisha kuyaacha nje ya mlango. Nilidhani namwongezea lugha, kumbe namnyang'anya. Na ndilo kosa la kwanza nililotaka kukuonyesha: kusema bila kutazama. Mtu wa kwanza kusema kwamba machozi hushuka njia mbili aliutazama uso wa mtu aliyelia, akaona mifereji miwili juu ya vumbi la mashavu. Yeye aliona. Sisi tuliofuata tuliuchukua msemo tukayaacha macho. Msemo haukuchakaa kwa sababu ya kutumiwa sana. Jembe likilima sana mdomo wake hung'aa. Ulichakaa kwa sababu ya kutumiwa na watu ambao hawakuwa na shamba mbele yao.

Sasa nije kwa kosa la pili, ambalo ni zito zaidi, kwa kuwa la kwanza ni la uvivu na hili ni la ujanja. Ni kulichukua neno jema na kulivika tendo baya.

Wewe uliyekulia mpakani wajua maana ya chai. Chai ni kinywaji cha asubuhi, ni heshima ya mgeni, ni mapumziko ya mkulima. Lakini mtu akikaa nyuma ya meza na kukwambia kwamba hujamwachia chai, hutafuti birika. Kadhalika kitu kidogo, ambacho hakika si kidogo kwa mtu aliyekuja na nauli ya kwenda na kurudi tu. Lugha yetu ina neno la jambo hili, neno fupi lisilo na shaka: hongo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 juu ya hongo haimshitaki mtu kwa kunywesha chai. Yamshitaki kwa hongo. Lakini miongoni mwetu neno hongo twaliweka kwa ajili ya watu wakubwa wanaotajwa magazetini. Letu sisi ni chai.

Nitakiri na hili. Nilikuwa na haja ya hati fulani katika ofisi fulani, na siku zilikuwa zimekwisha. Nikatoa fedha, nikapata hati. Jioni nilikuwa nikimweleza mke wangu mezani, nikasema kwa wepesi, "Nikawapa chai, mambo yakaisha." Binti yetu wa miaka mitano alikuwa akisikiliza. Akauliza, "Baba, waliinywa na mkate?"

Mke wangu akanitazama, nami nikatafuta jibu nisilipate. Ningeweza kumwambia kwamba si chai ya kunywa. Basi angeuliza ni chai gani. Na mwisho wa maswali yake ningelazimika kulitamka lile neno jingine, na kusema kwamba baba yake alitoa hongo. Tangu mchana nilikuwa nimeishi na tendo langu bila taabu yoyote, kwa sababu nilikuwa sijaliita kwa jina lake. Mtoto hakunilaumu. Aliuliza tu maana ya neno, na swali hilo likatosha.

Husimuliwa kwamba mwanafalsafa Confucius wa Uchina, aliyeishi zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, aliulizwa na mwanafunzi wake angeanza na jambo gani kama angepewa nchi kuitawala. Akajibu kwamba angeanza kwa kuyasahihisha majina. Mwanafunzi aliona kwamba jibu hilo li mbali na kazi ya utawala. Mimi nami ningeliona hivyo, kama nisingeulizwa juu ya mkate. Maana jambo likikosa jina lake halikemewi, na lisilokemewa huzoewa, na lililozoewa huja kuitwa desturi.

Tazama pia jinsi majina yasivyogawanywa kwa haki. Baridi kali ilipoharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa ilipanda duniani kote, na katika miaka ya 1976 na 1977 kahawa nyingi ya Uganda ilivushwa kwa magendo kuingia Kenya. Soko la Chepkube, kaskazini ya hapa, likapata sifa kubwa. Watu waliotajirika kwa magendo hayo waliitwa matajiri, na wengine wakaitwa wafanyabiashara hodari. Lakini leo mama mmoja akipita kichochoroni na kikapu cha mayai kichwani, kwa kuwa haijui njia ya ofisini au ameiogopa, njia yake yaitwa njia ya panya. Tendo lake nalo halipatani na sheria, sikatai. Ila nakuuliza: kwa nini mwenye malori alipata jina la heshima, na mwenye kikapu akapata jina la mnyama anayetegewa mtego?

Labda utanijibu, nami nakusifu kama umefikiri hivyo, kwamba wazee wetu nao walifunika mambo kwa maneno. Hatusemi mbele ya wafiwa kwamba mtu wao amekufa, twasema amefariki au ametutoka. Mama mwenye mimba twasema ni mja mzito. Anayekwenda chooni twasema amekwenda kujisaidia. Hiyo ndiyo tafsida, na ni sehemu ya adabu ya Kiswahili. Je, nayo ni uongo?

Hasha. Lakini tofauti yake yahitaji kupimwa, na kipimo nikitumiacho mimi ni hiki: neno hili la kufunika lamfunika nani? Nikisema kwamba jirani yangu ametutoka, namfunika mjane, ambaye ameumia na hastahili kuumizwa tena. Wala hakuna mtu aliyedanganyika, kwa kuwa sote twajua lililotokea. Nikisema kwamba nilitoa chai, nimemfunika aliyepokea, nimejifunika na mimi, na aliye nje ya shuka ni yule maskini aliyefuata nyuma yangu katika foleni, asiye na cha kutoa. Neno la kwanza ni nguo ya aliye uchi. La pili ni nguo ya mwizi.

Kuna na maneno ambayo hayakufanywa kwa ajili ya kufunika, bali yamechoshwa na wanaojifunika kwayo. Harambee ulikuwa mwito wa watu wavutao kitu kizito pamoja: mmoja huita, wote huvuta. Jomo Kenyatta aliufanya kuwa mwito wa taifa mwaka 1963, na kwa mwito huo wananchi walijenga shule nyingi za sekondari na zahanati kwa mikono yao na senti zao. Yamkini shule unayosoma ilianza hivyo. Lakini miaka ilivyopita, harambee ikawa pia jina la michango ya kulazimishwa, na jukwaa la wakubwa kuonyeshana noti ambazo hapana aliyeuliza zilikotoka. Hata ikalazimu sheria ya mwaka 2003 ya maadili ya maofisa wa umma iwawekee mipaka katika kukusanya michango hiyo. Neno ni lile lile, na herufi zake hazikupungua. Lakini mtu mzima akilisikia siku hizi, pengine hushika mfuko wake kabla ya kuinua mkono.

Je, neno kama hilo litupwe? Mimi sidhani. Katika kijiji chetu mvua ilipobomoa nyumba ya mama mmoja mjane, watu walikuja na majembe, miti na mabati, wakaijenga kwa siku mbili. Hapana aliyetoa hotuba. Jioni ya siku ya pili mzee jirani yangu, yule wa baiskeli, aliketi juu ya gogo akasema, "Leo tumefanya harambee." Hakuna aliyeshika mfuko. Neno lilikuwa limerudi nyumbani, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa mbele ya macho yetu.

Kwa hiyo, msomaji kijana, sikuachii orodha ya maneno ya kutumia wala ya kuepuka. Orodha nimekwisha kuzigawa, na umeona zilivyonifikisha. Nakuachia maswali mawili ya kujiuliza kabla ya kuandika au kusema. La kwanza: je, naliona jambo ninalolisema, au nasema tu kama walivyosema wengine? La pili: neno hili linamfunika nani? Ukiyajibu kwa kweli, tumia methali, tumia msemo wa zamani, tumia neno jipya la mtaani lililozaliwa juzi, sitakulaumu. Na ukiona neno limebadilika maana, usikimbilie kukasirika. Uliza kwanza limebadilishwa na haja ya watu, kama boda, au limebadilishwa na aibu ya watu, kama chai.

Niliuliza mwanzoni kama neno ni jembe letu au ni jembe la kuazima. Sasa nadhani ni la kuazima. Tulilipokea kwa watu waliolitolea jasho, na wapo watoto watakaolipokea kwetu. Si lazima tulirudishe likiwa na mpini ule ule. Lakini tusilirudishe butu, na tusilirudishe na damu.

Yule kijana wa Malaba aliiandika insha yake upya, bila kuombwa na mtu. Ilikuwa fupi, nusu ya ile ya kwanza, wala haikuwa na methali hata moja. Ilianza na honi mbili langoni. Nilipomaliza kuisoma nilikaa na kalamu nyekundu mkononi kwa muda mrefu, nisiandike alama yoyote. Siku ya pili nilimrudishia, nikamwambia tu kwamba nimemwona kaka yake. Akasema, "Asante, Mwalimu," akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati.